Taa Hafifu Zinazopofusha Wengine: Kisa cha Pikapu Moja Kuukuu

Mwenye pikapu hii namwita mjomba, naye huniita mjomba vilevile. Aliileta na malalamiko mawili ambayo ukiyasikia juujuu yanapingana. Usiku haoni barabara. Taa za mbele anazifananisha na kibatari. Wakati huohuo, karibu kila gari linalokuja mbele yake linampigia fulu kumwambia apunguze mwanga. "Sasa mjomba," akauliza, "taa isiyoniangazia mimi inamuumizaje mwenzangu?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani.

Gari lenyewe ni la kebini moja, la mwaka 2003, usukani kulia, linaendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Rangi ni nyeupe iliyochoka, ukipitisha kiganja kwenye boneti kinatoka na unga. Taa ya mbele ya kulia ni ya kiwandani, kioo chake cha plastiki kimekuwa cha manjano kama kucha za mvuta sigara. Ya kushoto ilibadilishwa baada ya kugongwa, nayo bado inang'aa. Nyuma, taa moja ina ufa uliozibwa kwa tepu nyekundu. Na kuna kituko cha tatu ambacho mjomba alikitaja akiwa tayari anaondoka, kama jambo dogo: usiku akikanyaga breki, taa ya nyuma ya kushoto inazima.

Alikuja na orodha ya kununua: balbu za LED za mbele, taa mbili kamili za nyuma, taa ndefu ya kufunga juu ya paa, kopo la polishi. Nikamwomba tusinunue chochote mpaka gari lioshwe na mita ya umeme ipite. Hakupenda. Watu wengi hawapendi, kwa sababu kununua kunaonekana na kupima hakuonekani.

Tulianza na maji. Nilikuwa na sababu mbili za kuanza hapo: tope huficha kutu, na kutu ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza kwenye umeme wa gari la umri huu. Tuliosha kutoka juu kwenda chini kwa shampuu ya magari, si sabuni ya vyombo, ambayo huondoa hata ile waksi kidogo iliyobaki. Mashine ya maji ya presha tuliitumia kwenye madigadi na chesi tu, mbali na altaneta na nyuma ya taa. Kisha tukang'oa lile karai la plastiki linalotandikwa kwenye bodi ya mizigo. Chini yake kulikuwa na tope lililoshiba maji, majani yaliyooza, na matundu ya kutolea maji yaliyozibwa yote. Karai linalinda bati lisikwaruzwe na mizigo, ni kweli, lakini likikaa miaka bila kuinuliwa linageuka kitambaa chenye maji kilichofunikwa juu ya bati. Kona ya nyuma ya kushoto ndiyo iliyoumia zaidi. Na waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bati la gari, wa taa za nyuma kushoto umefungwa palepale, kwa bolti moja, nyuma ya taa.

Breki inayozima taa

Nakiri kwamba hapo mwanzo nilikisia vibaya. Balbu ya nyuma ya gari hili ni ile ya nyuzi mbili, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ndogo. Pini zake mbili za pembeni haziko usawa mmoja, ili isiingie kinyume. Nilidhani mtu amelazimisha balbu ya uzi mmoja, ambayo kitako chake huunganisha njia mbili zinazotakiwa kuwa mbalimbali, na hapo breki na taa ndogo huanza kuchanganyana. Nikafungua: balbu zote mbili ni sahihi, nyuzi zote nzima. Nikazibadilishana kulia na kushoto. Kituko kikabaki kushoto. Basi si balbu.

Ndipo nikapima athi. Mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri (nilirefusha kwa waya wa mita tano), mwingine kwenye chuma cha holda, taa zikiwa zinawaka. Athi nzuri inasoma karibu na sifuri. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, naitafuta. Hii ilizidi hapo kwa mbali. Kwa maneno mengine, holda ile haikuwa na athi hata kidogo.

Hapa kituko kinajieleza. Nyuzi mbili za balbu ile zinashirikiana njia moja ya kurudia. Njia hiyo ikikatika, umeme wa taa ndogo haufi. Unatafuta pa kupita. Unaingia uzi wa wati 5, unavuka kwenye uzi wa wati 21, unarudi kinyumenyume kwenye waya wa breki hadi taa ya breki ya upande wa pili, na kule unaikuta athi. Taa ya kushoto inawaka, imefifia kidogo tu, kiasi kwamba hakuna anayeshtuka. Mjomba akikanyaga breki, waya ule wa breki nao unajaa umeme wa betri. Sasa pande zote mbili za uzi zina volti zilezile, hakuna kinachosukuma umeme, taa inazima. Mchana, taa ndogo zikiwa zimezimwa, mambo yanageuka: ukikanyaga breki, taa ya namba na taa ndogo za mbele zinawaka kwa haya. Tulijaribu, zikawaka.

Mtu akija na dalili kama hii, jambo moja likifanywa likaleta taa zisizohusiana, mimi sitafuti kitu kingine kabla ya athi.

Bolti ilikatika tulipoifungua, kama nilivyotarajia. Tulisugua mahali pake mpaka bati likang'aa, tukaweka kichwa kipya cha waya kilichobanwa kwa koleo la kazi hiyo, washa yenye meno, bolti mpya, kisha tukapaka grisi juu baada ya kukaza. Mpangilio huo una maana: chuma kwa chuma kwanza, kinga baadaye. Nimeshaona watu wakipaka rangi nzuri sana, halafu wakafunga athi juu ya rangi. Mita ikasoma 0.04.

Taa za nyuma zenyewe tulinunua moja tu, ile yenye ufa, pamoja na mpira wa kuzuia maji kwa zote mbili. Mpira wa zamani ulikuwa sponji iliyojaa maji, na huo ndio uliokuwa ukinywesha ile kona.

Volti zinazopotea njiani

Kurudi mbele. Injini ikiunguruma, betri ilisoma volti 14.1. Kwenye soketi ya H4 (balbu ya mbele yenye nyuzi mbili, ya dimu na ya fulu) upande wa kulia, dimu, yaani mwanga wa chini, ikiwaka, nikapata 11.4. Kushoto 11.6. Karibu volti mbili na nusu zilikuwa zikipotea kati ya betri na taa.

Mtu anaweza kuona si kitu, mbona taa inawaka? Shida ni kwamba mwanga wa balbu ya uzi haushuki sambamba na volti. Hushuka kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Balbu hizi hupimwa viwandani kwa volti 13.2. Ukiipa 11.5, yaani asilimia 87 hivi, inatoa kama asilimia 62 tu ya mwanga wake. Zaidi ya theluthi imekwenda, na mwenye gari hajui imekwenda wapi, kwa hiyo ananunua balbu kubwa zaidi. Balbu kubwa inavuta umeme mwingi zaidi kwenye waya uleule mwembamba, volti zinazidi kushuka, soketi inapata moto na kuyeyuka. Soketi ya kulia ya mjomba ilikuwa na kahawia ya kuungua kwenye mguu mmoja. Aliwahi kuweka balbu za wati 100, akasema, "lakini zilikuwa hazidumu."

Kwenye gari kama hili umeme wa taa unapita kwenye swichi ya usukani. Miaka ishirini ya kuwasha na kuzima imezichakaza ncha zake. Dawa ni rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo: swichi ya usukani ibaki na kazi ya kutoa amri tu, umeme mzito utoke betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Amri ya rilei ni umeme mdogo sana, chini ya robo ya ampea.

Kuna mtego hapa ambao michoro mingi ya kufunga rilei haiutaji. Pikapu nyingi za Kijapani za enzi hizo hazikati chanya, zinakata hasi. Taa ikiwashwa, mguu wa pamoja wa H4 unapata chanya, na swichi inachagua athi ipi iende, ya dimu au ya fulu. Ukifunga rilei kwa mchoro wa kawaida, ambapo mguu mmoja wa koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei, unaoivuta iwake) umeshikwa kwenye bodi, haitaitika. Nilipima soketi, na kweli: mguu wa pamoja una volti 12, ile miwili mingine inapishana kupata athi. Suluhisho ni jepesi ukishajua: miguu yote miwili ya koili, 85 na 86, ichukue kutoka kwenye soketi ya zamani, mmoja kwenye mguu wa pamoja, wa pili kwenye waya wa dimu. Rilei ya pili hivyohivyo kwa fulu. Koili isiyo na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani haijali umeme unatoka upande upi. Mguu wa 30 ukaenda betri kupitia fyuzi ya ampea 15, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, maana waya usio na fyuzi ukisuguliwa na chesi ni moto. Mguu wa 87 ukaenda kwenye balbu kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Athi mpya za taa zikafungwa kwenye bati lililosuguliwa.

Volti kwenye balbu: 13.5. Balbu ni zilezile za wati 60 na 55.

Mjomba alitazama ukuta wa mbele, akanyamaza, kisha akauliza kama nimebadilisha balbu. Nikamwambia sijabadilisha. Kwa uaminifu nikaongeza kwamba volti ikipanda maisha ya balbu hupungua. Balbu ya halojeni kama hizi ikilishwa vizuri haitadumu kama ile iliyokuwa ikifa njaa.

LED tulizijadili sana, na sikumwachia kirahisi. Ndani ya H4 uzi wa dimu umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma, na kikombe hicho ndicho kinachozuia nusu ya chini ya riflekta, kile kioo cha nyuma kinachorusha mwanga mbele, isipate mwanga. Mstari mkali unaoonekana ukutani, mwanga chini, giza juu, unazaliwa hapo. Balbu ya LED inajaribu kuiga mahali na umbo la uzi huo, na nyingi zinakosea kwa milimita chache. Milimita chache kwenye riflekta ni mita kadhaa barabarani. Mwanga unaonekana mweupe na mwingi karibu na bampa, dereva anafurahi, anayekuja mbele anapofuka. Halafu, kwa gari linalokata hasi, LED nyingi za H4 zinachanganyikiwa, kwa kuwa zenyewe zinajali chanya na hasi. Mjomba akacheka hapo: ndiyo maana jozi aliyowahi kujaribu iliwaka fulu tu na kukataa dimu.

Tulikubaliana LED kwenye taa ya namba. Kwenye indiketa nilikataa pia: balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, LED inavuta kidogo mno, na flasha ya zamani, kifaa kinachozipepesa indiketa, inadhani balbu imeungua, inaanza kupiga mbio. Wanaouza dawa yake wanauza rezista inayokula umeme uleule uliookolewa, tena kwa kuutoa kama joto karibu na plastiki.

Mshale kwenye kioo

Hadi hapo tulikuwa tumejibu nusu ya swali la mjomba. Kwa nini anapofusha? Tulipoegesha gari mbele ya ukuta usiku, taa ya kulia ilitoa wingu. Mwanga ulisambaa kila upande, juu na chini, bila mstari. Hiyo ni plastiki iliyochomwa na jua: tabaka la juu la kinga limekufa, uso umejaa nyufa ndogondogo, kila ufa unatawanya mwanga. Sehemu inayotawanywa juu inaingia machoni mwa watu, na ni sehemu hiyohiyo iliyotakiwa kuwa barabarani. Dereva anakosa, mwenzake anaumia. Kitendawili kimoja kimefunguka.

Taa ya kushoto ilikuwa kioo kisafi na mstari mkali. Lakini mstari ulikuwa umekosea upande. Dimu ya aina hii haikatwi sawasawa. Upande mmoja huinuka kwa mshazari ili kuangaza ukingo wa barabara, wanakopita waenda kwa miguu. Kwa anayeendesha kushoto, mwinuko unapaswa kuwa kushoto. Huu ulikuwa kulia, moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja. Nikapiga tochi kwenye kioo. Taa zenye alama ya E ndani ya duara hufuata kanuni: iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia haina mshale, ya kuendesha kushoto ina mshale, na ukisimama mbele ya gari ukiitazama taa, mshale unaelekea kulia kwako. Ya pande zote mbili ina mshale wenye vichwa viwili. Hii haikuwa na mshale wowote. Aliyeuza aliangalia kama inaingia kwenye nafasi yake, na iliingia vizuri kabisa.

Hakuna kurekebisha hapo, umbo limechongwa ndani. Ukiishusha mpaka isiumize mtu, haiangazi kitu. Ndiyo taa pekee ya mbele tuliyonunua.

Ya kulia tuliiokoa kwa msasa wa maji: 800, kisha 1500, 2000, na 3000, kila hatua ikikatiza mistari ya iliyotangulia, tepu ikiwa imezunguka rangi ya bodi. Baada ya 800 kioo kinakuwa cheupe kama maziwa na mwenye gari anaanza kujuta. Hiyo ni kawaida. Maji ya msasa yalitoka manjano mwanzoni, yakawa meupe, na hapo ndipo unapojua tabaka lililokufa limekwisha. Polishi ikarudisha uangavu. Kisha klia, tabaka angavu lisilo na rangi, yenye kinga ya jua. Bila hiyo klia, kazi yote ni ya muda mfupi. Dawa ya meno inayosifiwa sana inafanya kazi ya polishi hafifu, kioo kinang'aa, na manjano yanarudi kwa sababu hakuna kilichowekwa mahali pa kinga ya zamani.

Rangi na kutu

Rangi nitaipitia haraka, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mikono zaidi ya akili. Ile nyeupe haina klia juu yake, ndiyo maana inatoa unga. Kompaundi ya kukata, pedi, polishi, waksi. Pedi inageuka nyeupe, na asiyejua anaogopa kwamba anamaliza rangi. Kweli unaondoa kidogo. Rangi yote ya kiwandani ni mikroni 100 na ushee hivi, kwa hiyo kwenye kingo za boneti tulifunika kwa tepu na mikwaruzo mirefu tukaiacha ilivyo. Gari lililochoka likiwa safi na lenye mikwaruzo yake linapendeza kuliko lililosuguliwa mpaka praima ikachungulia.

Kwenye bodi tulikwangua kutu ya juu kwa brashi ya waya, tukapaka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye tindikali ya fosforasi, ikawa nyeusi, praima ya epoksi, rangi. Ile kona ya kushoto ilipokwanguliwa ilitoboka, tundu la kupitisha kidole. Mjomba alitaka puti. Puti juu ya tundu inashika maji upande wa pili, na chini yake kuna athi tuliyoitengeneza asubuhi. Tulipaka praima pande zote, tukaliacha wazi, lisubiri fundi wa kuchomelea. Matundu ya kutolea maji tuliyazibua yote, na karai halikurudi.

Mwisho tukalenga taa. Sakafu bapa, upepo wa tairi sawa, mita 10 kutoka ukutani, tepu kwenye kimo cha katikati ya taa, mstari wa dimu ukae sentimita 10 chini ya tepu. Hiyo ni asilimia 1. Likakaa vizuri, gari likiwa tupu. Lakini gari hili halitembei tupu. Tukapakia mzigo wake wa kawaida, nyuma ikashuka sentimita 6. Umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ni kama mita 3, kwa hiyo sentimita 6 ni asilimia 2, na asilimia 2 kwa mita 10 ni sentimita 20. Mstari uliokuwa sentimita 10 chini ya tepu ukapanda sentimita 10 juu yake. Hata kama taa zote mbili zingekuwa mpya tangu mwanzo, bado angepigiwa fulu kila safari yenye mzigo. Tulilenga upya likiwa limepakiwa, na likiwa tupu anajua mwanga utaangukia karibu. Springi za nyuma zimelala, nazo zimeingia kwenye orodha yake mpya.

Asubuhi ya pili taa mpya ya kushoto ilikuwa na ukungu ndani. Nikakuta kizibo cha plastiki cha usafirishaji bado kimo kwenye tundu lake la kupumulia. Nikakitoa, tukaiwasha nusu saa, ukungu ukaisha. Taa ya juu ya paa hajaiulizia tena, ila tundu la kona bado lipo, na kila nikimwona namwuliza.